Nyasi za nyumbani Dodoma: namna ya kuzivusha kiangazi mpaka mvua ya kwanza

Oktoba yangu ya kwanza Dodoma nilimwagilia nyasi kila jioni bila kukosa. Nilikuwa nimehamia Iyumbu kutoka Dar es Salaam, nikapanda ukoka mwezi Januari, ukashika vizuri na mvua mpaka ukafunika uwanja wa kama mita za mraba 180. Kiangazi kilipoingia, kila nikirudi kazini navua viatu, nashika mpira, nanyunyiza dakika 20 huku napunga upepo. Majani yanalowa, vumbi linatulia, harufu ya udongo inapanda, naingia ndani roho kwatu. Kufikia katikati ya mwezi uwanja wote ulikuwa rangi ya gunia.

Asubuhi moja mzee jirani, mwenyeji wa hapa, alikuwa anapita na mbuzi wake. Tulipomaliza kusalimiana akaangalia ndani ya geti, akaniambia nilete jembe. Alichimba mara moja tu, pale pale nilipomwagilia jana yake. Udongo ulikuwa mbichi kina cha vidole viwili. Chini ya hapo ni vumbi jekundu, kavu kama unga kwenye debe.

"Mwanangu," akasema, "wewe unayaosha majani. Huyanyweshi."

Karibu kila kitu nitakachoeleza hapa kimetokana na lile pigo la jembe.

Joto lenyewe si adui

Ushauri mwingi wa kutunza nyasi wakati wa joto umeandikwa kwa ajili ya nchi za baridi, ambako nyasi zao huanza kuugua joto likipita nyuzi 30 hivi. Ukoka si wa kundi hilo. Ni mmea wa nchi za joto, na hukua kwa kasi zaidi joto likiwa kati ya nyuzi 27 na 35 za Selsiasi. Mchana wa Oktoba na Novemba hapa Dodoma kwa kawaida hucheza kwenye 30 na 31. Yaani hali ya hewa tunayoilalamikia sisi, ukoka unaitamani.

Unachokosa ni maji. Mvua zetu ni zile za Msimu: zinaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, zinaishia Aprili, na kwa mwaka mzima ni kati ya milimita 500 na 600 hivi. Kuanzia Mei ni ukavu mtupu. Watu wengi wanadhani tatizo linaanza Oktoba kwa sababu ndipo wanapoliona. Linaanza Juni, Julai na Agosti, kwenye ule upepo wa baridi unaopuliza mchana kutwa. Nyasi hazikui sana miezi hiyo, kwa hiyo mwenye nyumba anaziacha, na upepo unaukamua udongo taratibu. Septemba ikifika, chini pameshakuwa tofali. Ukianza kumwagilia hapo, maji yanateleza juu yanaishia barabarani kwa jirani.

Kwa hiyo tuanze na Septemba. Lakini kwanza uzijue nyasi zako, maana hazivumilii sawa.

Ukoka, wenye majani membamba na mashina yanayotambaa juu na mengine chini ya udongo, ndio mgumu kuliko zote. Nyasi za Pemba, zile zenye majani mapana, zinapendeza na zinavumilia kivuli cha mti, lakini zina kiu, na hazina mashina ya chini ya udongo ya kujifichia. Ukoka ukikauka unaweza kuwa umelala. Pemba ikikauka kabisa mara nyingi imekufa. Zoyzia inavumilia ukavu, ila ikijeruhiwa inachukua muda mrefu sana kujiziba. Paspalamu ndiyo ya kwenda nayo kama maji yako ni ya chumvi. Nyasi za Kikuyu, ambazo pamoja na jina hazihusiani na mtaa wetu wa Kikuyu, ni za nyanda za juu zenye ubaridi na mvua. Hapa utazilea kama mgonjwa. Kama bado hujapanda, panda ukoka. Na usipande Oktoba, tafadhali, hata kama fundi bustani anakuambia "maji tu, bosi".

Hatua ya kwanza: hesabu ya maji

Hapa ndipo watu wengi, mimi nikiwemo, tunaporuka. Tunapanda eneo lote lililobaki baada ya nyumba, halafu tunatafuta maji ya kulitosheleza. Inatakiwa kwenda kinyume: jua maji unayoweza kutoa Oktoba, kisha amua ni eneo gani utalitunza.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Milimita 1 ya maji juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Ukoka uliokomaa, wakati wa joto, unataka milimita 20 hadi 25 kwa wiki ili ubaki kijani. Eneo la mita 10 kwa 10 basi linakunywa lita 2,000 hadi 2,500 kila wiki. Yuniti moja kwenye mita ni lita 1,000, kwa hiyo kwa mwezi ni yuniti 9 mpaka 11 kwa nyasi peke yake, kabla hujapika wala kufua. Chukua bili yako ya mwisho uone kama inavumilia nyongeza hiyo.

Kisha upime bomba lako. Weka ndoo ya lita 20 chini ya mpira, shika simu, hesabu sekunde. Langu linajaza ndoo kwa sekunde 75, sawa na lita 16 kwa dakika. Nilipopata namba hiyo ndipo nilipoelewa ujinga wangu wa ile Oktoba. Dakika 20 kwa siku ni lita 320. Ukizigawa kwa mita za mraba 180 hazifiki hata milimita 2. Milimita 2 za jioni, kwenye hewa hii kavu na udongo uliokunywa jua kutwa, kesho yake mchana hazipo. Lakini kwa wiki nilikuwa natumia lita 2,240. Maji hayo hayo, yangemwagwa kwa mara mbili kwenye mita za mraba 100 tu, yangekuwa zaidi ya milimita 22. Sikuwa na uhaba wa maji. Nilikuwa nayatawanya.

Siku hizi natunza mita za mraba 90, zile za mbele ya baraza ambako tunakaa jioni na watoto wanacheza. Zinataka lita 1,800 kwa wiki, nazigawa mara mbili za lita 900, na kila mara mpira unafunguliwa kama dakika 56. Nusu iliyobaki naiacha ilale mpaka mvua. Nitaeleza namna ya kuilaza bila kuiua.

Watu huuliza kuhusu kuvuna maji ya paa. Vuna, lakini usijidanganye. Paa la mita za mraba 100 linaweza kukupa zaidi ya lita 40,000 kwa msimu mzuri, ila zinakuja Desemba mpaka Aprili, wakati nyasi hazina shida nayo. Simtanki la lita 5,000 lililojaa Aprili, ukilifungulia nyasi za mita 100 mwezi Oktoba, ni wiki mbili na nusu. Mimi langu nalifunga kabisa nalitunza kwa siku ambazo mgao unakatika, siyo kama chanzo cha kutegemea.

Hatua ya pili: fungua udongo, Septemba mwanzoni

Udongo wetu mwingi ni mwekundu, wa kichanga chenye mfinyanzi kidogo, na ukikauka unafanya gamba gumu juu. Bila kulitoboa, maji yote uliyoyapigia hesabu yataishia kwenye mfereji.

Mwagilia eneo jioni, kidogo kidogo, ili gamba lilainike. Kesho yake asubuhi chukua jembe uma, au kama huna, nondo ya milimita 12 uliyochongesha ncha kwa fundi wa kuchomelea. Ichome wima, gonga na nyundo mpaka iingie sentimita 10 hadi 15, itikise kidogo upande huu na huu, ichomoe. Sogea shubiri moja, rudia. Ndiyo, inachosha. Mita za mraba 90 huwa zinanimalizia Jumamosi mbili, na nina kijana wa kunisaidia. Anza na sehemu zinazokanyagwa: njia ya kutoka getini, pembeni mwa kamba ya nguo, na pale gari linapogeuzia. Ukiwa na haraka, fanya hizo tu.

Baada ya kutoboa, chekecha samadi iliyooza vizuri, changanya na mchanga wa korongo nusu kwa nusu, mwaga tabaka jembamba la nusu sentimita, kisha ufagie kwa ufagio wa chelewa liingie mashimoni. Kwa mita za mraba 100 ni ndoo 25 za lita 20. Nasisitiza iliyooza: isiyonuka, isiyo na joto ukiingiza mkono, inayovunjika kama udongo. Samadi mbichi kutoka zizini inaunguza, halafu inakuletea kila mbegu ya gugu ambayo ng'ombe alikula tangu azaliwe. Hakikisha ncha za nyasi zinaonekana juu. Ukizifunika zote umezizika.

Hatua ya tatu: kunywesha

Mara mbili kwa wiki, kwa wingi. Hiyo ndiyo kanuni, na mantiki yake iko kwenye mizizi. Mizizi hufuata unyevu. Ukilowesha vidole viwili kila siku, mizizi yote inapanda juu kujazana kwenye vidole hivyo viwili, na siku moja tu ukisafiri kwenda Morogoro kwenye msiba, jua linaikuta hapo. Ukilowesha mpaka kina cha sentimita 15, kisha ukaacha juu pakauke, mizizi inalazimika kushuka.

Namna ya kujua umefika sentimita 15: chukua bisibisi ndefu. Nusu saa baada ya kumwagilia, ichome kwenye udongo kwa nguvu ya mkono tu. Pale penye unyevu inateleza. Ikifika pakavu inagoma. Pima kwa kidole ilipogomea. Fanya hivyo sehemu tatu au nne, maana utashangaa: karibu na bomba imeingia mpaka mpini, pembeni ya ukuta haijaingia hata nusu.

Usimwage dakika zote 56 kwa mkupuo. Udongo hauwezi kupokea kwa kasi hiyo. Gawa uwanja vipande vinne, laza mpira kipande cha kwanza dakika 7, uhamishe cha pili, cha tatu, cha nne, kisha urudi mwanzo kwa dakika 7 nyingine. Wakati unazungusha, maji ya awali yanashuka. Ukiona maji yanaanza kutembea juu, hamisha hata kama dakika hazijaisha.

Kama una sprinkla, tandaza makopo matupu matano au sita ya nyanya ya pande zilizonyooka sehemu mbalimbali, fungua dakika 15, kisha pima kwa rula maji yaliyoingia kila kopo. Utajua sprinkla yako inatoa milimita ngapi, na utaona pia inavyopendelea upande mmoja. Wanaotegemea simtanki lililo juu ya mnara wa nyumbani wasihangaike na sprinkla. Presha ile haitoshi kuizungusha. Mpira uliolazwa chini unatosha kabisa.

Saa nzuri ni alfajiri, kuanzia saa 10 mpaka saa 1 asubuhi, kabla upepo haujaamka. Lakini maji mengi ya mjini yanatoka kwenye visima virefu vya Mzakwe, bonde la Makutupora, mji umepanuka, na mgao wa maji mtaani haukuchagulii saa nzuri. Kama kwako yanatoka saa 6 usiku, mwagilia saa 6 usiku. Utasikia kwamba kumwagilia usiku kunaleta ukungu kwenye majani. Ni kweli kwa sehemu zenye hewa nzito. Hapa Oktoba, hewa ni kavu kiasi kwamba shuka uliyoianika saa 2 usiku unaikuta imekauka alfajiri. Hofu hiyo iweke mpaka Januari. Na ukiangalia vizuri, mgao wa siku mbili kwa wiki unaendana kabisa na ratiba ya nyasi.

Kuna sehemu zitakufa hata ukifuata yote haya, nazo ni zilezile kila nyumba: ukanda wa nusu mita kando ya ukuta unaopigwa na jua la alasiri, kando ya pevingi, na chini ya mwarobaini. Ukuta na pevingi vinahifadhi joto na kulirudisha mpaka usiku. Mwarobaini unakunywa kabla nyasi haijapata. Kandokando ya ukuta mimi nimeng'oa nyasi upana wa sentimita 30 nikamwaga kokoto. Panaonekana nadhifu, na sihangaiki tena.

Maji ya kufulia na maji ya kisima

Maji ya kusuuzia yanafaa, na nyumba yenye watoto wadogo inayo mengi. Tumia yale ya mwisho, ambayo povu limeshaisha. Yale ya kwanza yenye sabuni nyingi yamebeba sodiamu, na sodiamu ikizidi inaugandisha udongo, unarudi palepale kwenye gamba. Yenye jiki usiyaguse. Zungusha: leo kona hii, wiki ijayo kona nyingine, na kati ya hizo pitisha maji safi.

Kisima ni habari nyingine. Watu wanachanganya maji magumu na maji ya chumvi. Maji magumu, yale ambayo sabuni haitoi povu na birika linafanya ukoko mweupe, kwa nyasi hayana neno kubwa. Ya chumvi ni yale unayoyasikia mdomoni. Hayo yakimwagwa kidogo kidogo kila siku, maji yanapaa na chumvi inabaki. Utaona unga mweupe juu ya udongo na ncha za majani zinaungua kahawia. Dawa yake, ajabu, ni maji zaidi: mara moja kwa mwezi mwaga mara mbili ya kawaida ili chumvi isukumwe chini ya mizizi. Jasi, hii inayochimbwa jirani zetu Itigi, nayo inasaidia udongo uliogandishwa na sodiamu, ikichanganywa juu na kufuatiwa na maji mengi. Kama maji yako ni ya chumvi sana, badili nyasi upande paspalamu, usipigane.

Hatua ya nne: kukata

Simamisha kiberiti wima kwenye nyasi. Urefu wake ni kama sentimita 5. Hicho ndicho kipimo chako cha kiangazi kwa ukoka: ukimaliza kukata, ncha zifike juu ya kiberiti au chini kidogo yake. Pemba iache ndefu zaidi, sentimita 6 mpaka 8. Nyasi ndefu inajitia kivuli yenyewe, udongo haupigwi na jua moja kwa moja. Na usikate zaidi ya theluthi ya urefu kwa mara moja. Kama zimefika sentimita 9, shusha mpaka 6, subiri siku kadhaa, ushushe tena.

Tatizo ni kumshawishi mkataji. Kijana anayenikatia ana mashine yake, anapita mtaani na toroli.

"Mdogo wangu, leo juu. Usininyolee upara."

"Kaka, nikikata juu utaniita tena wiki ijayo. Hela yako hiyo."

Anasema kweli, na ndiyo maana wengi wetu tunaomba kipara: tunadhani tunaokoa hela ya mkato mmoja. Nyasi iliyonyolewa mpaka mashina meupe yaonekane Oktoba inaungua siku tatu tu baadaye, na unalipa kwa maji. Tulikubaliana aje kila baada ya siku 10 kwa bei ya chini kidogo. Kwenye joto nyasi zisizoshibishwa maji hazikui kwa kasi, hata hivyo, kwa hiyo mara nyingine anakuja, anaangalia, tunakunywa chai anaondoka.

Bledi iwe kali. Siku mbili baada ya kukata, inama uangalie ncha: zikiwa zimechanika na kuwa nyeupe kama ncha za kamba ya katani, bledi ni butu, na kila mchaniko ule unapoteza maji. Fyekeo nalo ni hivyohivyo, linolewe kila mara. Vipande vilivyokatwa viache hapohapo vikiwa vifupi. Vinafunika udongo na kurudisha mbolea. Na usikate mchana. Kata jioni, au asubuhi ya siku baada ya kumwagilia.

Mbolea: mikono mfukoni

Nyasi unazoziacha zilale zisipewe kitu. Zile unazozimwagilia kikamilifu unaweza kuzipa kidogo Septemba: nusu kilo ya Urea kwa mita za mraba 100, au kilo moja ya CAN. Changanya na ndoo ya mchanga mkavu ili iweze kutawanyika sawa, mwaga kwenye nyasi kavu, kisha umwagilie hapohapo mpaka isiwepo punje inayoonekana juu ya jani. Ikiachwa juani inaunguza madoa, na nyingine inapotea hewani. Oktoba na Novemba usiweke tena. Mbolea inasukuma majani mapya laini, na majani mapya yanadai maji ambayo huna.

Madoa yaliyokauka: kiu, mchwa au funza?

Nyasi yenye kiu inakuambia kabla haijakauka. Rangi inatoka kwenye kijani na kuwa ya kijivu inayoelekea bluu, majani yanajikunja, na ukikanyaga, alama ya mguu inabaki dakika nzima badala ya kuinuka. Ukiona hivyo asubuhi mapema, mwagilia leo. Ukiona mchana saa 8 tu na jioni zimerudi, zimeelemewa na jua, ziache.

Lakini kuna madoa yasiyosikia maji. Piga magoti. Kwenye kingo za doa, pale kijani inapokutana na kahawia, inua mashina kwa vidole. Ukikuta vijinjia vya udongo vimeyafunika, na chini majani makavu yamekatwa vipandevipande, ni mchwa. Mchwa wa hapa kiangazi kikikolea hawana chakula kingine kilaini, na wanaanza na majani makavu. Ondoa takataka zote kavu kwa reki, lowesha eneo lile kwa wingi, na kama kuna kichuguu, kichimbe mpaka umpate malkia. Ukilazimika kutumia dawa, nunua duka la pembejeo, soma lebo, na watoto na kuku wakae mbali kwa muda uliotajwa.

Kama nyasi inabanduka kama mkeka, bila mizizi, chimba kidogo utafute funza weupe waliojikunja kama herufi C. Wachache si neno. Ukiwakuta wengi kwenye kila jembe unalochimba, kuku wawili watatu waliofunguliwa hapo kwa asubuhi moja watafanya kazi kuliko unavyofikiri, ila wafungie mara wakimaliza, la sivyo watakuchimbia na kilichobaki.

Magugu kiangazi si mengi, isipokuwa ndago, ambayo haiulizi msimu. Ukiing'oa kwa mkono kinakuja kijani tu na kiazi kinabaki chini. Chimba kwa kisu mpaka ukipate. Dawa za kuua magugu za 2,4-D usipulize kwenye joto. Zinapaa, zinasafiri na upepo, na mzabibu ni miongoni mwa mimea inayodhurika haraka nazo, hata kwa kiasi kidogo sana. Hapa kwetu, jirani yako ana mizabibu au jirani wa jirani anayo.

Kuzilaza bila kuziua

Hii ndiyo nusu ya pili ya uwanja wangu, ile isiyo na bajeti ya maji. Ukoka una akiba kwenye mashina yake ya chini ya udongo. Ukikosa maji unaacha majani yafe, unajifungia chini, unasubiri. Uwanja unakuwa rangi ya mkate. Wageni watakusikitikia, waache.

Chagua moja: zilale au ziwe macho. Kinachoua ni kuziamsha nusunusu. Ukizimwagilia vizuri wiki moja zikachipua, halafu ukaacha wiki tatu, zimetumia akiba kutoa majani ambayo yamekufa tena. Ukifanya hivyo mara tatu hazina cha kuamkia. Ukishaamua zilale, zipe milimita 10 tu kila baada ya wiki mbili au tatu, yaani lita 900 kwa mita za mraba 90. Hazitageuka kijani, wala hazitakiwi kugeuka. Ni unyevu wa kuweka mashina hai.

Eneo lililolala lisikanyagwe sana. Gari lisipite kabisa. Mbuzi wakiingia wanakula mpaka shina, na hapo hakuna tena kulala. Funga geti.

Kila wiki mbili kagua. Chukua kipande cha shina linalotambaa, kwangua kwa ukucha. Ndani pakiwa peupe au kijani na kipande kinapinda bila kuvunjika, kiko hai. Kikiwa kahawia mpaka katikati na kinakatika kama njiti ya kiberiti, kimekufa. Jaribu sehemu tano tofauti kabla hujakata tamaa. Kona moja kufa si uwanja kufa.

Mvua ya kwanza

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa mvua za Msimu kabla hazijaanza, na mimi huufuatilia kama mkulima wa mtama, kwa sababu makosa makubwa hufanyika hapa. Manyunyu ya kwanza yakidondoka mwishoni mwa Novemba watu wanafunga mpira na kumwaga mbolea siku hiyohiyo. Kisha jua linawaka siku kumi. Subiri. Endelea na ratiba ya maji mpaka bisibisi iingie sentimita 15 kwa maji ya mvua peke yake. Hapo ndipo ufunge mpira, na baada ya wiki moja, nyasi zikishachipua, uweke mbolea ile nusu kilo ya Urea au kilo moja ya CAN kwa mita za mraba 100. Mkato wa kwanza uupige chini kidogo kuliko wa kiangazi, uondoe majani makavu yote kwa reki.

Mbigili nayo inaamka na mvua hiyohiyo, kwenye kila upara ambao nyasi iliacha. Ing'oe ikiwa bado na maua ya njano. Ikishafunga zile mbegu zenye miiba, watoto hawatacheza peku hapo mpaka mwaka kesho.

Upara wenyewe uzibe na vipandikizi kutoka kwenye sehemu yako iliyobaki nzima, usinunue. Chimba kipande chenye mashina na mizizi, kigawe vipande vyenye vifundo vitatu au vinne, vilaze kwenye vijifereji vilivyoachana sentimita 10 hadi 15, fukia vifundo viwili uache ncha moja nje, kanyaga kwa mguu udongo ushike, mwagilia. Chimbua kiasi unachoweza kupanda siku hiyo tu. Vinavyosubiri vitie kwenye gunia lililoloweshwa, uliweke chini ya mwarobaini, na likianza kukauka ulinyunyizie tena.